Flashi ya tarumbeta za jazz kutoka Mwanjelwa: pesa yako inanunua nini

Kuna kibanda pale Mwanjelwa, hapa Mbeya, upande wanakouza kava za simu na chaja, ambacho siku hizi kinauza flashi iliyojazwa jazz ya tarumbeta. Flashi ya GB 16 ikiwa imejaa ni shilingi 18,000. Ukienda na ya kwako unalipa 6,000 za kurushiwa tu. Nimeinunua, nimeisikiliza, nimeifundishia, na kwa kuwa wenzangu wa makundi ya tarumbeta kuanzia Iyunga mpaka Tukuyu wananiuliza kama inafaa, naona niandike mara moja niache kurudia kwenye simu.

Inafaa. Lakini si kwa sababu anazokupa muuzaji.

Kijana wa kibanda ni mchangamfu na anaijua biashara yake. Akishajua kwamba wewe ni mtu wa tarumbeta, anakuwekea kwenye spika yake mpulizaji mmoja anayepanda juu, anapanda tena, mpaka mbwa wa jirani wanaitika. "Madam, huyu ndiye mwisho wa mambo. Hakuna tena baada ya huyu." Folda yenyewe ameiita Tarumbeta Kali, na ndiyo kubwa kuliko zote. Humo yumo Maynard Ferguson wa Kanada, yumo Arturo Sandoval wa Kuba, na wengine wa kariba hiyo. Ni watu wa ajabu, sikatai. Sandoval ana midomo ya chuma. Lakini mtoto wa miaka kumi na minne aliyeshika tarumbeta ya kanisa yenye vali zinazokwama, ukimpa folda hiyo kwanza, kesho yake anakuja amebana shingo, amekaza mashavu, anaisukuma ile noti ya juu kwa nguvu zote, na jioni mdomo umevimba. Folda hiyo ifungueni mwisho. Mimi ningeifanya iwe nusu ya ilivyo.

Mali iko kwenye folda ndogo aliyoiita Za Zamani. Kijana mwenyewe anaionea haya kidogo. Aliniambia, "Hizo zina mikwaruzo, madam, ila nimeziacha kujaza nafasi."

Fungua hiyo kwanza, umtafute Louis Armstrong akipiga West End Blues. Ilirekodiwa Chicago tarehe 28 Juni 1928, na mikwaruzo ipo kweli. Inaanza tarumbeta peke yake, bila ngoma, bila piano, bila mtu wa kumshika mkono. Noti nne za kwanza zinasimama moja moja, sawa kwa sawa, kila moja na uzito wake. Halafu anapanda kwa mkupuo mmoja mpaka juu kabisa, na kutoka huko anateremka kwa kona nyingi, bila haraka ya kufika. Yote hayo hayafiki robo dakika, ndipo wenzake wanaingia. Ukisikiliza mara ya kwanza utasema amecheza haraka. Ukirudia utaona kwamba hana haraka hata kidogo. Kuna mahali anavuta, kuna mahali anaachia, kama mhubiri mzuri anayejua ni neno gani watu wanalingoja.

Halafu ngoja mwisho wa wimbo. Earl Hines akishamaliza zamu yake kwenye piano, Armstrong anarudi na noti moja tu ya juu, anaishika kwa karibu mizani minne, yaani vipimo vinne vya mapigo ya wimbo, kama sekunde kumi hivi. Haitetemeki kwa woga wala haipungui. Nimewawekea wanafunzi wangu sehemu hiyo saa ya ukutani ikiwa mbele yao, kisha nikawaambia kila mmoja ashike noti yoyote anayoiweza, hata ile ya chini kabisa, mshale utembee sekunde kumi. Vijana waliokuwa wanashindana kupanda juu walikwama kwenye sekunde ya sita. Aliyefika ni binti mmoja mtulivu wa sauti ya pili ambaye hakuna aliyekuwa anamhesabu. Kwangu, shilingi elfu sita zililipwa hapo hapo.

Katikati ya wimbo huo huo kuna jambo jingine ambalo mtu wa kwaya asilipite. Armstrong anaweka tarumbeta chini, anaimba bila maneno, akijibizana na klarineti. Anaimba vile vile anavyopuliza, mvuto ule ule, mapumziko yale yale. Sisi tuliokulia kwenye do-re-mi ya kanisani tunayo dawa hii mkononi, ila tunaiacha kabatini tukishika tarumbeta. Siku hizi kipande chochote cha kwenye flashi tunakiimba kwanza kwa solfa, polepole, mpaka kiingie masikioni. Kisichoimbika hakipulizwi. Na faida ya solfa ni kwamba haikusumbui na habari ya tarumbeta kuwa ya B bemoli huku piano ikisoma kingine. Do yako ni do.

Kabla sijaendelea, habari ya vyombo, maana wengi mtaiweka flashi kwenye sabufa. Sabufa zetu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya besi, na besi ikiachwa juu tarumbeta inazama, unabaki kusikia dum-dum tu. Shusha besi mpaka chini, pandisha ile sauti nyembamba. Bora zaidi, tumia visikilizio vya masikioni, hata vya shilingi 5,000, utasikia pumzi ya mpigaji inapoingia. Faili zenyewe zimebanwa ili ziingie nyingi. Kwenye rekodi za miaka ya hamsini utaliona hilo kwenye matoazi ya ngoma, yanasikika kama yanachemka. Tarumbeta inasalimika.

Nikitakiwa kutoa nyota naipa nne kati ya tano, na ile moja naikata kwa ajili ya majina ya faili. Kuna nyimbo zimeandikwa "Wimbo 07" na basi. Kuna moja imewekwa mara tatu kwa majina matatu. Humo ndani pia amemwaga Morogoro Jazz na Western Jazz, nadhani kwa sababu ya jina. Nawapenda wote wawili na sijazifuta, lakini mtu aliyelipia tarumbeta asiuziwe magitaa. Kwa upande mwingine, ukimkuta John Coltrane, mpiga saksafoni, usikimbilie kulalamika. Rekodi aliyoweka kijana ni ile Blue Train ya 1957, na tarumbeta humo ni ya Lee Morgan akiwa na miaka kumi na tisa. Sikilizeni kijana wa umri huo anavyoingia bila kuomba ruhusa.

Sasa Clifford Brown. Huyu ndiye sababu kubwa ya mimi kuwaambia mnunue.

Alizaliwa Wilmington, jimbo la Delaware, mwaka 1930, akafa kwa ajali ya gari usiku wa tarehe 26 Juni 1956, akiwa na miaka ishirini na mitano. Kwenye ajali hiyo walikufa pia mpiga piano wake, Richie Powell, na mke wa Powell. Alichorekodi ni cha miaka michache tu, na bado wapuliza tarumbeta wa jazz waliomfuata karibu wote wana deni kwake. Katika ulimwengu ambao wenzake wengi walimalizwa na dawa za kulevya, yeye hakuwa mtu wa mambo hayo. Nawatajia wazazi hilo wanapoingiwa na wasiwasi kwamba jazz itawaharibia watoto.

Kwenye flashi kuna Joy Spring ya 1954, akiwa na Max Roach kwenye ngoma. Isikilize kwa mwendo wake mara moja, ufurahi. Kisha iweke kwenye simu, fungua kwa VLC au programu nyingine inayoweza kupunguza mwendo bila kushusha sauti, uiweke nusu. Wapigaji wengi wa kasi ukiwapunguza hivyo unaanza kuona vumbi: noti zilizoliwa, noti zilizoburutwa, vidole vilivyotangulia ulimi. Brown ukimpunguza anakuwa mpigaji mwingine mzuri, wa polepole. Kila noti ina mwanzo wake. Ulimi unagusa laini, du, du, du, si ule mlipuko wa tu! tunaoutumia kwenye nyimbo za kuandamana barabarani. Na pumzi anaivuta pale sentensi inapoishia, siyo pale mapafu yanapoishiwa. Hilo la pumzi nimelirudia kwa wanafunzi mpaka wananiigiza nikigeuka.

Fanyeni hivi: chukueni mizani miwili tu ya mwanzo ya zamu yake, siyo wimbo mzima. Imbeni kwa solfa. Pulizeni kwa nusu ya mwendo pamoja naye mpaka msisikike wawili. Ndipo mwongeze kidogo. Mizani miwili iliyokaa sawasawa ina kazi nyingi ndani yake kuliko kurasa kumi za mazoezi, na mtoto haoni kama anafanya mazoezi.

Ipo pia albamu yake na vinanda vya nyuzi, ya Januari 1955. Wapenzi wengi wa jazz huipuuza kwa sababu hachezi vitu vingi, anapiga nyimbo za mapenzi karibu kama zilivyo. Wapiga tarumbeta wa harusi, hiyo ndiyo yenu. Bibi harusi anapoingia ukumbini pale Soweto yetu ya Mbeya hahitaji umuoneshe unajua vidole vingapi. Sikilizeni Brown anavyoutandika wimbo wa taratibu, sauti nene, mtikisiko kidogo mwishoni mwa noti ndefu, basi.

Miles Davis yumo, na yumo ipasavyo: Kind of Blue yote ya 1959. Kwa baadhi ya nyimbo zake za taratibu za miaka hiyo anatumia kiziba cha bati kinachoingia kwenye mdomo mpana wa mbele wa tarumbeta, akiwa amekitoa kile kibomba cha katikati, na anasogea karibu kabisa na kipaza sauti. Sauti inatoka nyembamba, kama inatoka chumba cha pili. Funzo lake ni kunyamaza. Anapiga, anaacha, na ule wakati wa kuacha ni sehemu ya wimbo. Vijana wangu walimwona mvivu. Wazee walimwelewa kuliko wote.

Habari ya viziba, kidogo. Viziba vya dukani huku kwetu ni shida kupata na bei haishikiki. Lakini kwenye flashi kuna orkestra ya Duke Ellington, na wapigaji wake Bubber Miley na Cootie Williams waliifanya tarumbeta inung'unike na kusema "wah-wah" kwa kutumia ule mpira wa kuzibulia sinki. Ndiyo, ule ule. Unang'oa mti wake, unashika mpira kwa mkono wa kushoto, unafunika na kufunua mdomo wa tarumbeta. Duka la vifaa vya ujenzi Mafiati wanauza. Nunueni mpya, tafadhali. Watoto walicheka mpaka machozi na tukapata jioni nzuri kupita kiasi. Mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa anapita aliuliza kama ndivyo tutakavyopiga Pasaka. Nikamwambia hapana, baba, haya ni ya mazoezi. Hakuridhika.

Dizzy Gillespie naye yupo kwa wingi. Mfurahieni, lakini kama mtaona picha zake muwaonye watoto wasimwige mashavu. Yale mashavu yaliyofura kama puto yalikuwa yake peke yake, na walimu wa tarumbeta wanaogopa mwanafunzi akiyafanya. Tarumbeta yake iliyopinda kuelekea juu ilitokana na ajali: mwaka 1953 mtu aliiangukia, yeye akaijaribu, akapenda jinsi alivyoisikia sauti yake, akaagiza atengenezewe hivyo. Hapa ilizuka hoja kwamba ile tarumbeta yetu iliyogongwa na bajaji nayo iachwe ilivyo. Ilipelekwa kwa fundi.

Kinachokosekana ndicho kilichoniuma. Binti yangu mmoja wa kundi aliniuliza, "Madam, humu hakuna mwanamke?" Hakuna hata mmoja. Mimi mwenyewe nimepuliza tangu usichana, nimezoea watu kugeuka barabarani, lakini swali lake lilinifanya niende intaneti na bando langu. Yupo Valaida Snow, mzaliwa wa Chattanooga, Tennessee, mwanzoni mwa karne iliyopita. Alipuliza tarumbeta na kuimba katika majukwaa ya Ulaya na hata China, na watu walimpa jina la Louis mdogo kwa kumlinganisha na Armstrong mwenyewe. Rekodi zake za miaka ya thelathini alizofanya London zinapatikana bila shida. Nimemwambia kijana wa kibanda aziongeze. Ameandika kwenye kiganja.

Na hakuna Hugh Masekela. Hilo nililifanyia ugomvi kidogo, wa kirafiki. "Madam, huyo ni wa Afrika Kusini, hii ni jazz." Nikamuuliza ameisikia wapi hiyo sheria. Masekela alizaliwa Witbank mwaka 1939, na tarumbeta yake ya kwanza alipatiwa na padri Mwingereza wa shuleni kwake, Trevor Huddleston. Wale wanafunzi wakaunda bendi, na Louis Armstrong mwenyewe akawatumia tarumbeta kutoka Marekani mwaka 1956. Huddleston huyo huyo ndiye aliyekuja kuwa askofu wa Masasi, hapa hapa kusini mwetu, kuanzia 1960 hadi 1968. Na mwaka 1968 Masekela alishika namba moja Marekani kwa wimbo usio na maneno hata moja. Kama huyo si wa kwenye flashi ya tarumbeta, basi sijui ni nani.

Nilikuja kuutafuta mwenyewe wimbo wake wa Stimela, ule wa treni linalobeba vibarua kutoka nchi za jirani kwenda migodi ya Johannesburg. Niliuweka jioni moja barazani, sauti ya wastani. Jirani yangu, mzee wa Kinyakyusa ambaye baba yake alikwenda migodini kupitia WENELA, lile shirika lililokusanya vibarua wa migodi ya Afrika Kusini, miaka ile kabla ya uhuru, alikuwa anamenya mahindi upande wa pili wa ua. Masekela anaanza kwa kusema, siyo kupiga. Anaigiza treni kwa mdomo, ule mluzi na zile pumzi za moshi. Mzee akaacha mahindi. Akaja na kigoda chake, akakaa, akasikiliza mpaka mwisho bila kusema, kisha akaniambia nirudishe mwanzo. Mara ya pili alianza kutaja majina ya watu wa kijiji chao waliokwenda wasirudi. Kundi zima lilikuwapo. Baada ya hapo sikuhitaji kueleza maana ya kupiga tarumbeta kama unaongea.

Yako mambo mawili ya kiufundi kwa mtakaojaribu kupiga pamoja na rekodi. Asubuhi za Juni na Julai Uyole tarumbeta ikiwa ya baridi sauti yake inashuka, kwa hiyo msishangae mkiwa chini ya Brown. Pulizeni hewa tupu ndani yake kwanza, ishikeni kifuani, kile kikombe cha mdomoni kiwekeni mfukoni dakika chache, ndipo mrekebishe lile bomba la mbele. La pili, sahani za miaka ya ishirini hazikuzunguka zote kwa mwendo mmoja kamili, na huenda Armstrong akasikika juu au chini kidogo ya piano yenu. Mfuateni yeye.

Suala la haki za wasanii nimemgusia kijana. Alicheka, akasema wengi wao ni marehemu. Familia zao siyo marehemu, nikamwambia. Mwenye bando na uwezo azisikilize kwenye chaneli rasmi za mtandaoni. Wengi wetu tunaofundisha kwenye vyumba visivyo hata na umeme wa uhakika tutaendelea na flashi, na ndiyo hali halisi.

Kibanda kinafunguliwa kama saa tatu asubuhi. Jumapili hakuna mtu. Kurusha kunachukua muda kama laptopu yake imechoka, kwa hiyo nenda mapema, muombe aanze na folda ya Za Zamani, akupunguzie zile kali, aongeze Valaida Snow, na usimruhusu achomoe flashi kabla hujamwona Masekela kwenye orodha.